Jini Mwenye Kadi ya Chakula

Rukia, aliyekalia kiti changu tangu nistaafu, ameniomba niandike kurasa mbili tatu za kuwafaa nyinyi mnaoanza kazi hii ya kuwatazama watu wanaoumwa vichwa na nyoyo. Akanisisitizia niandike mambo ya kitaalamu. Nimejaribu siku nne, ya kitaalamu hayakuja. Yaliyokuja ni jini mmoja, sahani ya wali, na karani aliyetaka kumpaka jini wino kidoleni. Basi nawapa hayo, na Rukia akiona hayafai karatasi hizi azifungie bajia.

Nilianza kazi Kismayo, kabla ya vita, katika hospitali iliyokuwa na chumba kimoja tu cha wagonjwa wa akili, mwisho kabisa, karibu na mahali pa kufulia mashuka. Mimi nilikuwa nimeomba wodi ya wazazi. Lakini wenzangu walioajiriwa siku ile kila mmoja alikuwa na mtu wa kumsemea, na mimi baba yangu alikuwa fundi wa mashua kutoka Chovai, kisiwa chetu Wabajuni, hakujuana na mkubwa yeyote. Nikapewa chumba cha mwisho, na sare iliyoshonewa mtu wa ukubwa wangu mara mbili. Nilipoingia nikaketi kwenye kitanda cha kwanza nilichokiona, nikalia.

Mgonjwa mmoja, mshona nguo wa mjini, akaja akakaa kando yangu. Akaniletea maji. Akaniuliza nani amenileta, kama nina jamaa wa kunitazama, kama usiku napata usingizi. Nikamjibu yote, maana kwa kweli aliuliza vizuri. Alipofika kuniambia kwamba siku za kwanza ni ngumu lakini uji wa hapa si mbaya, ndipo nikatambua kuwa amenihesabu mgonjwa mwenzake. Muuguzi mkuu alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo.

Muuguzi huyo tulimwita Abti Nuru. Abti ni mjomba kwa Kisomali. Alinivuta kando akaniambia, "Yule hajazungumza na mtu tangu Ramadhani. Umefanya kazi kubwa, Tima binti yangu. Kesho njoo ulie tena."

Vifaa vya Abti Nuru vilikuwa vitatu: daftari la mistari, birika la chai, na kalamu aliyoivaa shingoni kwa uzi kwa sababu mgonjwa mmoja alikuwa na tabia ya kuzitafuna. Hakumuuliza mtu ana nini. Alisema ukimuuliza mtu ana nini atakwambia hana kitu, au atakwambia mpaka jua lizame, na yote mawili hayakufai. Yeye aliuliza, "Jana umekula nini? Umekula na nani?" Kisha aliandika majina ya watu wote wanaokula katika nyumba ya mgonjwa, mpaka jirani anayepita tu wakati wa chakula. "Andika kila anayekula," alinifundisha. "Mwenye kumuumiza yumo humo, na mwenye kumponya yumo humo." Lishikeni neno hilo, maana ndilo lililokuja kunitia matatani.

Vita vilipoingia Kismayo wenye bunduki walichukua kwanza dawa, kisha vitanda, kisha milango. Abti Nuru hakutaka kuwaacha wagonjwa wake. Aliondoka nao sita, kwa miguu, wameshikana mikono, kuelekea kwa jamaa zake bara. Kabla ya kutoka aliivua ile kalamu akanivika mimi, na daftari akanipa. Sikumwona tena. Kila mtu aliyetoka upande ule nimemuuliza, miaka yote hii, na mpaka leo likitajwa jina lake naumia.

Sisi tulitoka kwa mashua, kisiwa hadi kisiwa, mpaka tukafika Mombasa tukatiwa kambini. Huko walipojua nimewahi kufanya kazi hospitalini nikaajiriwa siku hiyohiyo, nikapelekwa mafunzo ya wiki mbili na mtaalamu aliyekuja na fomu. Fomu ilikuwa na maswali ishirini. Je, katika siku za karibuni umejisikia huzuni? Je, umepoteza hamu ya maisha? Nami nikapita hema kwa hema nikiuliza, na kwa kila swali Wabajuni wenzangu wakanijibu, "Alhamdulillahi." Mtu amechomewa nyumba, amezika mama yake njiani, halali usiku, unamuuliza kama ana huzuni, anakwambia alhamdulillahi. Ungemjibu nini mgeni mwenye kalamu? Nilipopeleka fomu, mtaalamu akasoma matokeo na kusema hajapata kuona kambi yenye afya ya akili kama yetu. Nikazitia zile fomu chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, nikarudi kwenye daftari la Abti Nuru.

Kambini kulikuwa na mganga mwingine, Bi Zeituni, fundi wa pungwa, ile ngoma ya kuwapandisha majini wakasema shida zao. Mwanzo hatukupatana. Mimi nikisema fulani ahitaji vidonge, yeye asema ahitaji ngoma. Baadaye tulichoka kugombana tukaanza kupeana wagonjwa. Uongozi wa kambi ulikuwa umepiga marufuku ngoma baada ya magharibi, kwa hiyo majini wa Kibajuni, ambao tangu enzi walizoea kupanda usiku, wakajifunza kupanda saa kumi alasiri na kuondoka kabla ya adhana. Msiniulize kama naamini majini. Nimekaa nao miaka mingi na wao hawakuwahi kuniuliza kama mimi naaminika.

Sasa tufike kwa Da Mwanamkuu, na da kwetu ni dada. Huyu alikuwa mwanamke wa Fuma, kisiwa jirani, ameolewa na Athmani, fundi wa mashua wa kwetu Chovai. Vita vilipochacha walikimbilia Fuma kwa mama yake, na kutoka huko watu wakagawanywa mashua mbili. Mwanamkuu na mabinti zake watatu wakapanda ya kwanza. Athmani alibaki asaidie kupakia ya pili, na hiyo ya pili ilizama karibu na kisiwa cha Darakasi. Waliomwopoa na kumzika walifika kambini baadaye, wakamwambia mkewe wazi, wala hawakumficha. Mwanamkuu akawasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Alhamdulillahi," akaenda kuwasha moto. Hakulia. Hakukubali tanga liwekwe wala hitima isomwe. Mtu akija kumpa mkono wa rambirambi, yeye alimpa mwiko amkorogee chungu.

Usingizi ukamtoka. Akapika kila siku wali wa mtu mmoja zaidi, kwa mchele wa kuombaomba. Kisha akaanza kukohoa kikohozi kizito cha kiume, na hapo mabinti zake wakampeleka kwa Bi Zeituni.

Ngoma ya kwanza tu jini akapanda. Akakohoa mara mbili, akasema yeye ni Sharifu wa Baharini, akataka chai ya vijiko vitatu vya sukari. Akapewa. Akanywa, akalalamika kuwa ni tamu mno. Akataka wali. Akaletewa wali wa Mwanamkuu mwenyewe, akauonja, akausukuma akasema, "Huu si wali. Wali wa watu wa Fuma ni uji uliokauka." Wanawake wote wakaangua kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu huo ndio utani wetu sisi wa Chovai juu ya watu wa Fuma. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, wala sikujiuliza jini ameujulia wapi. Usomi wangu wote ulikuwa umeishia hapo.

Jioni ile nikafungua daftari, nikaandika kama nilivyofundishwa. Wanaokula katika nyumba hii: Mwanamkuu, mabinti watatu, Sharifu. Mbele ya Sharifu nikaandika mwanamume, mtu mzima, maana ndivyo alivyokuwa, na Abti Nuru hakupenda kazi nusunusu.

Mvua zilipokuja, hema la makarani likavuja na orodha zao zote zikageuka rojo. Karani aliyekuwa akitusimamia sisi aliitwa Wafula, kijana wa bara, mpole, mwenye mwandiko wa mwalimu. Akaja kuniazima daftari langu kwa kuwa ndilo lililokuwa na watu wote nyumba kwa nyumba. Nikampa bila kufikiri. Wiki mbili baadaye Mwanamkuu akaja kunishukuru, ananionyesha kadi mpya ya chakula. Watu watano. Jina la tano: Sharifu.

Ningekwenda siku ile kwa Wafula nikasema nimekosea, yangekwisha. Sikuenda. Kwanza niliogopa kufukuzwa kazi, nawaambieni ukweli. Pili, nilimtazama Mwanamkuu nikaona macho yake yametulia. Tangu jini apate kadi, mama huyu alikuwa analala. Nikajiambia, ikiwa kipande cha karatasi chamlaza kuliko vidonge vyangu, mimi ni nani nimwamshe? Sharifu mwenyewe alipandishwa akapewa habari, akafurahi, akauliza kadi yake ina nini. Akaambiwa unga, mafuta na maharagwe. Akasema unga na mafuta amekubali, ila maharagwe yanamletea gesi.

Tukaishi hivyo kwa raha mpaka likatoka tangazo. Watu wote wa kambi watahesabiwa upya. Kila jina lililo kwenye kadi lifike mbele ya karani kwa miguu yake na kupakwa wino kidoleni. Jina likikosa mtu na mwenye kadi akakosa maelezo, kadi yote inachukuliwa, ya watu wote wa nyumba ile. Mwanamkuu na mabinti zake hawakuwa na kingine cha kula.

Nilimfuata Bi Zeituni. Akanisikiliza huku akisaga karafuu. "Tumwazime mwanamume," akasema. Tukatafuta, lakini wanaume wote walikuwa na kadi zao, na aliyebaki alikuwa kiziwi, ambaye hata jina lake mwenyewe likiitwa haitiki. Bi Zeituni akafikiri tena. "Basi na aje mwenyewe," akasema. "Nani?" "Sharifu. Si ndiye mwenye jina?" Nami, Mungu anisamehe, maji yalikuwa yamenifika shingoni, nikaona ni wazo.

Siku ya kuhesabiwa tukapanga foleni tangu asubuhi. Mwanamkuu akapita na mabinti zake, wakapakwa wino wote wanne. Wafula akainua macho.

"Mama, hapa wameandikwa watano."

"Wa tano yuaja," Bi Zeituni akajibu, akaanza kupiga makofi polepole.

Mwanamkuu akayumba. Akakohoa mara mbili. Ile sauti nzito ikatoka: "Hapa hamna chai?"

Wafula akaitazama kadi, akamtazama Mwanamkuu, akarudi kwenye kadi. "Huyu ni nani?"

"Ndiye Sharifu," akasema Bi Zeituni.

"Imeandikwa mwanamume."

"Ni mwanamume. Si wasikia sauti?"

Yule kijana alikuwa mtumishi mwema, wallahi, kanuni alizipenda. Akafikiri kidogo, akachovya kijiti chake kwenye wino. "Basi anyooshe kidole."

Jini akanyoosha kidole. Kilikuwa kimeshapakwa wino.

"Huyu ameshahesabiwa," akasema Wafula.

"Iliyohesabiwa ni nyumba," akasema Bi Zeituni. "Huyu ni mpangaji."

Foleni nzima ilikuwa imekaa chini kwa kicheko. Mmoja akapaza sauti kwamba yeye ana wapangaji wanane. Wafula peke yake hakucheka. Akasema taratibu, "Mama zangu, mimi kwenye karatasi hii nina visanduku vitatu tu. Amesafiri, amehama, amefariki. Cha jini sina."

Nikaona imetosha. Nikajitokeza, nikamwambia kosa ni langu, nimemwandika mimi kwenye daftari langu, mama huyu hana hatia. Akanisikiliza, akatikisa kichwa. "Basi nimfute," akasema, akaishusha kalamu juu ya jina.

Mwanamkuu akamshika mkono. "Usimfute." Haikuwa tena ile sauti nzito. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba. Kicheko kikakatika.

"Mama, nikiacha wazi nachukua kadi," akasema Wafula. "Nifanye nini?"

Watu wote wakanigeukia mimi, mwenye kazi yake. Nilitafuta kichwani zile wiki mbili za mafunzo, sikukuta kitu. Nikajikuta nimeshika ile kalamu ya Abti Nuru shingoni. Nikauliza swali pekee nililokuwa nalijua.

"Da Mwanamkuu, mara ya mwisho alikula nini?"

Hakuniuliza nani. "Wali," akasema.

"Alikula na nani?"

"Na mimi. Kule Fuma, kwa mama. Akasema ni uji uliokauka. Kila siku husema hivyo, Tima, nami hucheka. Siku ile nilikuwa nimechoka, watoto walia, watu wafunga mizigo. Nikamwambia, kesho jipikie mwenyewe." Akautazama ule wino kidoleni. "Asubuhi wakanipakia mashua ya mbele hata sikumuaga. Kesho niliyomwambia ndiyo hiyo waliyomzika. Tangu hapo nampikia. Kila siku nampikia, na kila siku asema ni mbaya."

Nililia palepale mbele ya foleni, na mabinti zake walilia, na Bi Zeituni aliyejifanya chuma alikuwa anapangusa macho kwa kanga ya mtu mwingine. Wafula akaiweka kalamu chini akangoja, wala hakutazama saa. Kama mwataka kujua utaalamu ni nini, ni kule kungoja.

Mwishowe Mwanamkuu akajifuta uso kwa kiganja. "Andika amefariki," akamwambia. "Wala usiandike Sharifu. Andika Athmani."

Wafula akaandika, kwa mwandiko wake mzuri, kadi ikarudi kwa Mwanamkuu na watu wanne. Mimi sikufukuzwa kazi, ila daftari langu halikuazimwa tena.

Siku za eda, mashekhe walisema, zilikuwa zimeshapita na hazilipwi. Lakini hitima haina mwisho wa muda. Ilisomwa Ijumaa iliyofuata, baada ya alasiri, na nusu ya kambi ilikuja, na Wafula alikaribishwa akakaa mkekani kama mkwe. Mwanamkuu alikataa katakata kusaidiwa kupika. Masinia yakaja, watu wakanyoosha mikono, na polepole mikono ikasita. Wali ulikuwa umeshikana hata ungeweza kuuchonga. Hakuna aliyethubutu kusema, kwenye hitima ya mtu. Bi Zeituni akatafuna muda mrefu, akameza, akainua macho juu. "Mungu amrehemu Athmani," akasema. "Alikuwa mkweli."

Mwanamkuu ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka, kisha kicheko kikageuka kilio, kile kilio alichokuwa anadaiwa tangu Darakasi, na wanawake wakamkumbatia wakamwacha alie mpaka kikaisha chenyewe. Wali tukaumaliza wote.

Sharifu hakupanda tena. Bi Zeituni alishikilia mpaka kufa kwake kwamba alihama kwa ajili ya maharagwe. Mwanamkuu alimeza vidonge vyangu miezi kadhaa, na ngomani aliendelea kwenda kila Alhamisi, kupiga makofi tu. Kilichomponya ni kipi? Mimi sijui, na atakayewaambia anajua mpeni fomu ile ya maswali ishirini aijaze. Kambi ilipofungwa nikaja kufanya kazi hapa mjini, miaka yote mpaka nikastaafu, na kila mgonjwa nilimuuliza maswali yaleyale mawili.

Mwanamkuu sasa yuko Ulaya na mabinti zake. Wiki ya pili tangu nistaafu alinipigia simu. Akaniuliza hali, nikamwambia alhamdulillahi. Akaguna. Kisha akasema, "Tima, jana umekula nini?"

Nikataka kucheka, sikuweza. "Chai na mkate," nikamwambia.

"Umekula na nani?"

Nyumba ilikuwa kimya. Watoto wangu wako mbali, na kazini nilikuwa nakula na akina Rukia. "Peke yangu," nikasema.

"Na juzi?"

"Vilevile."

"Utapandwa na jini wewe," akasema. "Nenda jikoni. Gonga ukuta umwite jirani. Halafu teleka maji, mimi nakaa hapa kwenye simu nikuelekeze wali."

Nikamwambia mimi ni mtu wa Chovai, siwezi kufundishwa wali na mtu wa Fuma.

"Teleka maji, Tima."

Nikagonga ukuta, nikateleka.